Umeme na Mitambo Katika Shahada Moja: Binti wa Mashine ya Kusaga Afanya Uamuzi

Na Mwandishi Wetu

Mota ya mashine ya kusaga ya dada yangu, iliyoko Kihonda mjini Morogoro, iliungua mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, madebe ya mahindi yamepangwa foleni hadi barabarani na baadhi ya kina mama wakiwa wamekwisha kulipa. Ulisikika mngurumo usio wa kawaida, ikafuata harufu ya vanishi iliyoungua, harufu ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau maisha yake yote, kisha kikawa kimya.

Akaitwa fundi wa umeme. Alifungua kifuniko, akanusa, akatikisa kichwa, akasema koili zimekwisha na hapana budi mota isukwe upya. Ikasukwa, ikalipiwa, ikarudishwa. Baada ya miezi mitatu ikaungua tena. Safari hii fundi yule alisema kosa si lake, kwani beringi ndiyo iliyokufa ikaiburuza mota hadi ikaungua. Fundi makanika naye alipoitwa alisema beringi haifi bure, na kwamba umeme wa mtaa ule ndio mbovu. Walibishana mbele ya dada yangu kwa muda wa saa nzima, kila mmoja kwa adabu na kila mmoja kwa uhakika, na mwishowe wakakubaliana juu ya jambo moja tu: kwamba alipe.

Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha nne, ndiye aliyekuwa amewashikia tochi. Siku nyingi baadaye aliniuliza, "Mjomba, hivi hakuna mtu anayejua vyote viwili?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa kalamu. Balbu ikiungua nyumbani kwangu naita jirani. Lakini leo binti huyo yuko mwaka wa tatu wa shahada inayochanganya uhandisi wa umeme na uhandisi mitambo. Na kwa kuwa katika miaka hii mitatu nimeulizwa maswali mengi na wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Hisabati, nimeona ni vyema niyaandike niliyoyaona na niliyoyasoma. Jina lake na la chuo chake nayahifadhi kwa ombi lake mwenyewe. Alisema hataki kusomwa gazetini kabla hajafaulu.

SHEMEJI NA KICHWA CHA TRENI

Matokeo ya udahili yalipotoka, binti alijikuta amechaguliwa na vyuo viwili. Kimoja kilimpa uhandisi mitambo peke yake, cha pili kilimpa shahada hiyo ya mchanganyiko. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, mwombaji aliyechaguliwa zaidi ya mahali pamoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, tena ndani ya muda uliopangwa. Siku zilikuwa chache na nyumba ilikuwa na maoni mengi.

Mama yetu, yaani bibi yake, alitaka kujua jambo moja tu: kama mjukuu wake atapanda nguzo. Dada yangu alikuwa upande wa binti tangu mwanzo, kwa sababu zinazoeleweka. Mgogoro ulikuwa kwa shemeji. Yeye ni fundi mstaafu wa karakana ya reli. Ameishika spana tangu ujana wake, na katika macho yake kazi ya kweli ni ile ya chuma, inayoacha grisi chini ya kucha. Umeme kwake ulikuwa kazi ya watu wa chumba kingine. "Mtu akishika mambo mawili," alisema, "huyo ameshika nusu na nusu. Mwajiri anataka kitu kizima."

Hoja hiyo si ya kubezwa, na nitairudia mbele. Lakini usiku ule binti alimjibu baba yake kwa swali. Alimuuliza, kwa heshima, vile vichwa vya treni alivyovitengeneza miaka yote huvutwa na nini. Shemeji alijibu kwamba huvutwa na injini ya dizeli. Binti akauliza, je, injini ile huyazungusha magurudumu moja kwa moja?

Shemeji alikaa kimya, kisha akacheka. Kwa maana yeye alijua vizuri kuliko sisi sote kwamba sivyo. Katika kichwa cha dizeli-umeme, ambacho ndicho kilicho cha kawaida katika reli nyingi duniani, injini huzungusha jenereta. Jenereta hutoa umeme. Umeme huo hushuka kwenye mota zilizofungwa karibu na ekseli, na mota hizo ndizo zinazovuta mabehewa. Injini ya mafuta haina tabia nzuri pale treni nzito inapotaka kung'oka kutoka mahali iliposimama, ilhali mota ya umeme hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha hata ikiwa ndiyo kwanza inaanza kwenda. Shemeji alieleza yote hayo kwa furaha, akachora na picha kwenye gazeti la zamani. Kisha akasimulia jinsi katika karakana yao mafundi wa injini walivyokuwa na meza yao ya chai na mafundi wa umeme meza yao, na jinsi kichwa kimoja kilivyoweza kukaa karakanani wiki mbili huku kila meza ikisubiri meza ya pili ikiri kosa.

Aliposikia maneno yake mwenyewe aliacha kuchora. Kesho yake binti alithibitisha chuo cha pili.

PALE MAMBO MAWILI YANAPOKUTANA

Mgawanyo huu wa meza mbili za chai una historia yake. Huko Uingereza, ambako taaluma hii ilipangwa kwa vyama, wahandisi wa ujenzi waliunda chama chao mwaka 1818, wa mitambo mwaka 1847, na watu wa simu za waya, ambao ndio waliokuja kuwa chama cha wahandisi wa umeme, mwaka 1871. Kila chama kikawa na mitihani yake, vitabu vyake na wivu wake. Vyuo vikafuata. Hapa kwetu, kabla ya mwaka 1970, wakati Dar es Salaam, Makerere na Nairobi zilipokuwa viungo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, Mtanzania aliyetaka shahada ya uhandisi katika chuo hicho alikwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, nacho kilianza na idara tatu: ujenzi, mitambo na umeme, kila moja na milango yake.

Lakini mashine zenyewe hazikuwahi kuusikia mgawanyo huo. Mwingereza Charles Parsons alipobuni tabaini yake ya mvuke mwaka 1884, ilizunguka kwa kasi ya ajabu, mara 18,000 kwa dakika. Hakukuwa na jenereta yoyote duniani ambayo ingeweza kustahimili kasi hiyo bila kusambaratika. Ikambidi Parsons, baada ya kumaliza kazi ya mitambo, akae tena mezani na kubuni jenereta yake mwenyewe ya kufungwa kwenye shafti ileile. Mtambo huo wa kwanza ulitoa kilowati 7.5 tu. Hata hivyo sehemu kubwa ya umeme unaozalishwa duniani leo hutoka kwenye vizazi vya wazo hilo.

Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini masomo haya mawili huwekwa pamoja na aende, kwa mawazo tu kama hana nauli, kwenye kituo cha kufua umeme cha Kidatu, katika mkoa huohuo wa Morogoro. Kituo hicho kilianza kazi mwaka 1975 na kina mitambo minne yenye uwezo wa megawati 204 kwa jumla. Maji ya Mto Ruaha Mkuu huteremka kwa njia za chini ya ardhi hadi kwenye tabaini. Tabaini huzungusha shafti. Jenereta imekaa kwenye shafti hiyohiyo. Hadi hapo msomaji anaweza kusema: maji na chuma ni kazi ya mhandisi mitambo, na nyaya ni kazi ya mhandisi wa umeme. Basi na tuone.

Umeme wa gridi yetu hupiga mawimbi 50 kwa sekunde. Ili jenereta itoe mawimbi hayo, ni lazima kasi ya shafti ilingane na idadi ya sumaku zilizofungwa kwenye rota. Hesabu yake ni nyepesi: chukua 3,000, gawanya kwa idadi ya jozi za sumaku, utapata mizunguko kwa dakika. Rota yenye jozi nane itazunguka mara 375 kwa dakika, wala si 374. Sasa mhandisi anayechagua tabaini hutazama kimo cha maporomoko na wingi wa maji ili ajue kasi ifaayo, na papo hapo kasi hiyo inamwamulia mwenzake wa umeme ukubwa wa rota na idadi ya sumaku. Uamuzi mmoja, watu wawili. Wakikosea kuelewana, anayeumia ni mwenye mtambo.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Tuseme radi imepiga njia kuu ya umeme, na vikata-umeme vimefunguka. Kwa upande wa umeme tatizo limekwisha katika sehemu ndogo ya sekunde. Lakini maji kule juu hayajui kwamba mzigo umeondoka. Yanaendelea kusukuma tabaini ambayo sasa haina kazi ya kufanya, nayo huanza kukimbia kama baiskeli iliyokatika mnyororo mteremkoni. Ni lazima milango ya maji ifungwe haraka. Lakini ikifungwa kwa haraka mno, maji yaliyokuwa yakienda kasi ndani ya bomba hugonga ukuta. Hata nyumbani, bomba la maji likifungwa ghafla husikika kishindo ukutani. Kishindo hichohicho, kikiwa ni cha mto mzima, kinaweza kupasua bomba la chuma. Kwa hiyo kuna kasi moja ya kufunga ambayo si ya upole mno wala si ya pupa mno, na aliyeikokotoa amelazimika kuyajua mawimbi ya umeme, uzito wa rota na mwendo wa maji kwa wakati mmoja.

Nilipomweleza shemeji habari hii alisema kwamba breki za treni refu zina tabia kama hiyo. Naamini, ingawa sikuelewa.

Sijataja bado bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi mwezi Februari 2024. Wala treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka huohuo, na kufika Dodoma mwezi Julai. Kuhusu treni hiyo nitasema tu kwamba shemeji alipanda safari mojawapo ya mwanzo, akarudi na malalamiko kwamba haikutoa moshi hata kidogo.

WALIOTANGULIA

Shahada hii si mzaha wa kisasa kama baadhi ya watu wanavyodhani. Katika nchi zilizofuata mfumo wa Wabelgiji na Wafaransa, elektromekaniki ni somo la siku nyingi lenye heshima yake. Huko Lubumbashi, mji wa machimbo ya shaba ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mitaa, Kitivo cha Politekniki cha chuo kikuu kina idara ya elektromekaniki kando ya ile ya migodi na ile ya metali. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuona mgodi wa chini ya ardhi. Lifti inayoshusha watu, pampu zinazotoa maji, feni zinazosukuma hewa, vyote ni chuma kinachozungushwa na umeme. Na pampu ikikwama saa nane za usiku mita mia kadhaa chini ya ardhi, hakuna muda wa kuita meza mbili za chai.

Nako Uskochi, Chuo Kikuu cha Edinburgh na kile cha Strathclyde mjini Glasgow hutoa shahada ya pamoja ya umeme na mitambo. Hapa nchini pia masomo ya namna hii yamekuwapo, na yale ya mekatroniki, ambayo ni binamu yake mwenye kompyuta zaidi, yameongezeka. Mzazi asome vizuri orodha ya masomo kabla ya kusoma jina la shahada, maana majina hufanana kuliko yaliyomo.

MIAKA MIWILI YA JASHO

Yaliyomo ndiyo yaliyomtoa jasho mpwa wangu. Kwa vile ni shahada ya miaka minne kama nyingine za uhandisi, haina muda wa ziada wa kumeza mambo mawili. Kinachofanyika ni kupunguza huku na huku, na kinachobaki bado ni kingi. Mwaka wa kwanza ni hisabati, uchoraji wa kihandisi, mekanika ya vitu vilivyosimama na vinavyokwenda, saketi za umeme, na karakana. Karakanani alipewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa, akaambiwa akipige tupa hadi pande zake zote ziwe sawa kabisa. Alikipiga siku nyingi. Viganja vyake vilitoka malengelenge. Alinipigia simu akasema ameanza kumwelewa baba yake.

Karakana haikumshinda. Kilichomshinda kilikuwa saketi. Umeme unaokwenda na kurudi huhesabiwa kwa namba changamano, ambazo ndani yake mna kipeo cha pili cha namba kikawa hasi. Mtu aliyezoea kwamba kila hesabu ya fizikia inaweza kuchorwa kama kamba, gurudumu au mteremko hujikuta gizani. Wenzake waliosomea umeme peke yake walikuwa na vipindi vingi zaidi vya somo lile na muda wa kulizoea. Yeye ilimbidi aondoke darasani akakimbilie themodinamiki. Muhula wa pili alianguka mtihani wa saketi.

Nakumbuka sauti yake siku hiyo. Alikuwa hasemi habari za mtihani. Alikuwa akisema habari za mkopo, kwani alisikia kwamba anayefeli hupoteza mkopo wake, na kwamba mama yake angelazimika kuuza mashine. Ilibidi tuketi chini tutenganishe uvumi na kanuni. Chuo kilikuwa na mtihani wa marudio, na aliyefaulu huo aliendelea na mwaka unaofuata. Alibaki chuoni likizo nzima. Kilichomwokoa, kwa maelezo yake, ni kijana mmoja aliyetokea chuo cha ufundi akiwa na stashahada ya umeme, ambaye alikuwa anazifahamu saketi kwa mikono kabla ya kuzifahamu kwa hesabu. Huyo alimfundisha saketi, naye akamfundisha hisabati. Alifaulu marudio, si kwa alama za kujivunia.

Mwaka wa pili mambo yalianza kuungana. Katika somo la mashine za umeme alifundishwa kwamba mota ya kawaida ya njia tatu yenye jozi mbili za sumaku hutaka kwenda mizunguko 1,500 kwa dakika, lakini ikibeba mzigo hurudi nyuma kidogo, hadi karibu 1,440, na kwamba huko kurudi nyuma ndiko kunakoipa nguvu. Akaniambia hii ndiyo mara ya kwanza mzigo wa mahindi na wimbi la umeme alivyoviona katika mlinganyo mmoja. Nilifurahi pamoja naye, ingawa mlinganyo wenyewe sikuomba kuuona.

KUREJEA KWENYE MASHINE

Likizo ya mwaka huu alikwenda Kihonda. Mashine ilikuwa ikifanya kazi, lakini mota ilikuwa na joto lisilovumilika kwa kiganja, na dada yangu alikuwa akiisimamisha kila saa ipumzike. Mwanafunzi wa chuo kikuu hana ruhusa ya kufungua mfumo wa umeme wa biashara kwa sababu tu anasoma; kazi hiyo inataka mtu mwenye leseni. Basi alimwita fundi yuleyule wa umeme, mzee sasa, mwenye leseni yake ya EWURA, na akamwita pia yule makanika. Nami nilikuwapo.

Alianza na kamba. Aliivuta kutoka puli ya mota hadi puli ya kinu, akamwonyesha makanika kwamba haigusi kingo zote nne. Puli moja imekaa mbele ya nyingine kwa unene wa kidole, na mkanda umekazwa kupita kiasi ili usichomoke. Mkanda uliokazwa hivyo huvuta shafti upande mmoja mchana kutwa, na beringi ya upande huo haiwezi kudumu. Makanika alikubali bila ubishi.

Kisha fundi wa umeme alizima swichi kuu, akafungua kisanduku cha kuwashia mota. Waya mmoja kati ya mitatu ulikuwa umelegea kwenye skrubu yake na ncha imekuwa nyeusi. Mpwa wangu alieleza kwamba njia moja ikiwa dhaifu hata kwa asilimia moja ya volti, tofauti ya mkondo ndani ya mota huweza kuwa mara sita hadi kumi ya hiyo. Na kwamba kwa kila nyuzi 10 za joto linalozidi kiwango, maisha ya vanishi ya koili hupungua karibu kwa nusu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Alisema yeye hakuwa akizijua hizo asilimia, lakini waya mweusi anaujua, na siku ile ya kwanza hakuufungua mlango wa kisanduku kwa sababu mota ilikuwa imekwisha kuungua na kazi aliyoitiwa ilikuwa ni mota.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamesema kweli nusu. Dada yangu aliuliza kama nusu ya fedha zake ingerudi. Tulicheka, yeye hakucheka sana.

SWALI LA SHEMEJI

Nimeahidi kuirudia hoja ya shemeji. Soma matangazo ya kazi: utaona Mhandisi Daraja la Pili, kisha mkato, kisha "Mitambo" au "Umeme". Mwenye shahada ya vyote viwili wakati mwingine huambiwa hana hiki wala kile. Wapo waajiri wanaomtaka mtu huyo, hasa viwanda vya saruji, sukari na vinywaji, migodi, na wenye majengo makubwa yenye lifti, pampu na majokofu. Huko mtu mmoja anayeweza kusoma michoro ya aina zote mbili ana thamani. Lakini anayetamani kubuni mitambo mikubwa ya kusafirisha umeme, au kufanya utafiti wa injini, huenda akajikuta nyuma ya wenzake waliochimba kisima kimoja kwa kina. Mimi nikiwa mzazi ningemuuliza kijana kwanza kama anapenda kutengeneza kitu kizima kifanye kazi, au anapenda kujua jambo moja hadi mwisho wake. Majibu hayo mawili yana heshima sawa, ila hayaendi kwenye shahada moja.

Isitoshe, shahada peke yake haimfanyi mtu mhandisi mbele ya sheria. Kwa sheria ya mwaka 1997, ni lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi chini ya usimamizi wa mhandisi aliyekomaa kwa muda usiopungua miaka mitatu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Mwenye shahada ya mchanganyiko na aulize mapema bodi itamwandika katika fani ipi, wala asingoje siku ya mahafali. Mpwa wangu amekwisha kuuliza kwa barua.

Kwa sasa kinachomsumbua ni kidogo zaidi na kikubwa zaidi: mahali pa kufanyia mafunzo ya vitendo ya wiki nane. Ameandika barua kumi na moja. Waliojibu ni wawili. Mmoja amesema nafasi zimejaa, wa pili amemtaka aseme kwanza yeye ni wa umeme au wa mitambo. Jumanne iliyopita nilimkuta kwenye meza ya baba yake akiandika jibu. Shemeji alikuwa amekaa pembeni na miwani yake, akimtajia majina ya wazee wa karakana ambao huenda bado wanasikilizwa kule, wa meza zote mbili.